Tezi ya Tano

Figo la kushoto la Mwadime liling'aa kwenye kioo kama dari iliyopigwa chokaa jana.

Mghoi alipitisha kifaa cha mashine ubavuni mwa mdogo wake mara ya pili, polepole, akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea. Alihesabu mawe saba, kila moja likitupa kivuli chake cheusi nyuma yake, na nyama yote ya ndani ya figo imeingiwa na chembe nyeupe. Figo la kulia hakuhangaika nalo sana. Lilikuwa limesinyaa tangu mwaka juzi kama kiazi kilichosahauliwa nyuma ya mlango.

"Unanitazama kama fundi anayetazama gari la kwenda skrepa," Mwadime alisema.

"Nyamaza, picha inacheza."

"Niambie tu kama taa zinauzika."

Alikuwa na miaka thelathini na moja na alijishika kitandani kama mtu wa sabini. Chupa ya maji haikumtoka mkononi. Kiu hiyo haikuwa ya jua la Kasigau. Alikunywa lita sita kwa siku na akazikojoa zote, na katika saa aliyokaa kliniki alikuwa ameshaenda msalani mara tatu. Mifupa ilimuuma. Choo kilikuwa kigumu. Alianza sentensi akaisahau katikati, kisha akacheka ili watu wadhani alikuwa akitania.

Mashine ikamaliza kupima, ikamuuliza Mghoi swali lake la kila siku: chanzo cha mawe ni nini? Majibu yalikuwa matatu. Maji ya kisima. Chakula. Ukoo. Jibu la nne halikuwepo, wala halikuwahi kuwepo kwa miaka yote kumi na tisa ya Ngazi. Bila kuchagua moja ya hayo matatu, mashine haikufunguka kwa mgonjwa anayefuata. Mghoi alibonyeza Maji ya kisima. Alikuwa amelibonyeza jibu hilo mara elfu na kitu, kwa watu waliokunywa kisima kile kile na wake zao, na mama zao, na mbuzi wao, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na jiwe.

Jibu la nne lilikuwa mkononi mwa Mwadime, chini ya ngozi, karibu na kiwiko, uvimbe mdogo kadiri ya dengu.

Kila mtu huzaliwa na vitezi vinne shingoni, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yake ni kuchunga kalsiamu ya damu. Ikipungua, vitezi vinatoa homoni, na homoni inaiagiza mifupa itoe akiba. Shirika lilipojenga Ngazi, reli yake ya kurushia vyombo angani, ubavuni mwa Mlima Kasigau, likaanza kupeleka watu Juu kuunganisha vyuma kusiko na uzito, liliona mifupa yao inayeyuka. Wataalamu wake walijua jambo moja la kweli: homoni ile ile, ikija kwa mapigo mafupi mara moja kwa siku, hujenga mfupa, ikitiririka bila kukoma, huubomoa. Basi wakaotesha tezi ya tano, wakaipanda mkononi, wakaiwekea saa ya kuipigia mapigo. Huko Juu mambo yalikwenda. Mtu akimaliza miaka yake na kuteremka, saa ilitolewa, kwa sababu saa hutumika tena. Tezi iliachwa. Na tezi isiyo na saa haijui kwamba kazi imekwisha. Inaendelea kuiambia mifupa itoe, itoe, itoe, na chokaa yote hiyo inapita kwenye mafigo ikitafuta njia ya kutokea.

Kuiondoa ni ganzi na dakika ishirini. Lakini tezi ilikuwa mali ya Shirika, mkataba ulisema hivyo katika ukurasa wa arobaini, na daktari mmoja wa Voi aliyewahi kumkata mtu alinyang'anywa leseni kwa wizi. Shirika lenyewe lilitoa dawa moja tu. Figo lako likifa, linakuoteshea jingine, ukishaweka sahihi kwamba mawe yalitokana na maji. Kisha tezi ile ile inalishughulikia figo jipya. La jirani yao Mshai lilidumu miezi kumi na minne.

"Nitaweka sahihi?" Mwadime aliuliza, akishusha shati.

Mghoi akamwambia asiweke. Akamwambia Baraza la Afya ya Kazi linakaa Voi Jumatano, na jina lake liko kwenye orodha.

"Wataniletea Fomu ya Ukungu."

Hilo lilikuwa kweli. Damu ikijaa kalsiamu, akili huingia ukungu, na Shirika lilikuwa limetengeneza fomu kwa ajili hiyo. Kila aliyerudi kutoka Juu akaanza kulalamika alipimwa damu, na ikivuka kiwango fulani iliandikwa kwamba maneno yake yasitegemewe, hapo na siku zote. Damu ile ile ambayo haikuwa mbaya kiasi cha kutibiwa ilikuwa mbaya kiasi cha kumnyamazisha mtu. Fomu ilitaka sahihi mbili tu, ya mtaalamu wa kliniki na ya ndugu wa damu au mke. Mama yao aliibonyezea dole gumba siku baba yao, Mwasaru, naye aliyerudi kutoka Juu, alipotaka kusema mbele ya Baraza. Aliambiwa ni karatasi ya kumpatia mumewe figo. Mzee alikufa miezi mitano baadaye akiwa na akili zake zote, na hakuna aliyeruhusiwa kuandika alichosema.

*

Mwenyekiti wa Baraza, Bi Nyambu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Mghoi alipomwendea ofisini siku ya Ijumaa alimsikiliza hadi mwisho, akamweleza kwamba damu ya wafanyakazi ni mali ya Shirika, vipimo ni mali ya Shirika, na picha za mifupa zimo katika mitambo ya Shirika. Hawezi kuyaamuru hayo yaletwe. Kisha akavua miwani.

"Niletee mfupa, dada. Mfupa wa maiti hawakuuandikia mkataba."

Njia nzima ya kurudi Kasigau Mghoi aliyafikiria maneno hayo, maana mifupa ya maiti kwao haikuwa mbali. Watu wa mlima huu waliwahi kuweka mafuvu ya wazee wao mapangoni. Mwaka 1915 Waingereza walipowakusanya Wakasigau wote na kuwaswaga kwa miguu hadi Malindi, na wengi wakafia huko, mafuvu yalibaki mlimani peke yake zaidi ya miaka ishirini mpaka waliosalia wakarudi. Baadaye makanisa yakaifanya desturi hiyo kuwa aibu. Ni Ngazi iliyoifufua. Reli ilipochukua makaburi ya chini, watu walianza tena kufukua vichwa vya marehemu wao baada ya mwaka mmoja na kuvipandisha pangoni, mahali pasipofika tingatinga. Na kama kila kitu kinachofufuliwa, desturi iliongezewa mambo ambayo wazee wa kale hawakuwa nayo. Mojawapo lilikuwa uzito. Mtoto wa marehemu hulinyanyua fuvu mbele ya watu, na watu humtazama mikono. Fuvu zito, mtu alikuwa mkweli. Fuvu jepesi, alikuwa na jambo alilolificha.

Mghoi ndiye aliyelinyanyua la Mwasaru, kwa kuwa Mwadime alikuwa bado Juu. Lilikuwa zito. Aliteremka mlima siku ile akitembea kifua mbele.

Mlinzi wa pango alikuwa Mwambingu, binamu wa baba yake, fundi wa pampu za maji. Alimkuta kwenye karakana yake, amejilaza chini ya tangi, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nipe spana ya kumi na tatu, kisha uniambie nani amekufa."

Akampa spana na kumweleza kila kitu. Miguu iliacha kucheza. Aliposema anataka kuleta mashine ya eksirei ya mkononi kupiga picha fuvu la baba yake, Mwambingu alitoka chini ya tangi, akakaa akijifuta grisi kwenye vidole, kimoja kimoja. Akauliza kwa nini la Mwasaru. Mghoi akasema kwa sababu ni la kwao. Akauliza kama fuvu litatoka pangoni. Mghoi akasema halitatoka.

"Basi kuna jambo nikwambie," Mwambingu alisema, "na usinipige."

Walipanda asubuhi ya Jumamosi, jua likiwa bado mashariki, upande wa Mackinnon. Pango halikuwa refu. Lilikuwa kama rafu ya jiwe chini ya mwamba uliojitokeza, na mafuvu yamepangwa yakitazama bonde, na bondeni reli ya Ngazi iking'aa ikielekea mawinguni. Mwambingu alilitoa la Mwasaru, akaliweka kwenye gunia, akaingiza kidole ndani na kukwangua. Ulitoka udongo. Udongo mwekundu wa kufinyangia, mkavu, kipande baada ya kipande, mpaka lundo lililokuwa chini likawa kubwa kuliko mtu angeweza kuamini.

"Yako kumi na moja," alisema, bila kumtazama. "Yote ya watu wa Juu. La kwanza lilipokuja nilikuwa peke yangu, nikalishika, likawa kama kibuyu. Nikasema mjane wa huyu bwana atakula maneno ya watu mpaka afe. Nikalijaza. Likaja la pili. La baba yako lilikuwa la tano. Nililiiba kaburini usiku wa kuamkia siku yenu, nikalijaza, nikalirudisha."

Alilikabidhi. Mghoi alilipokea kwa mikono miwili, na mikono ikapanda yenyewe, kwa sababu ilikuwa imejiandaa kwa uzito ambao haukuwepo. Baba yake alikuwa mwepesi kuliko bakuli la plastiki. Kwa upande wa taya, kidole kingeweza kupenya.

Alitaka kumtukana Mwambingu. Miaka minane ya ushahidi, kila fuvu likipiga kelele, na mtu mmoja mwema anayaziba midomo kwa udongo ili wajane wasisengenywe. Akamtazama yule mtu mzima mwenye grisi kwenye kucha akilia kimyakimya, akalitukana Shirika badala yake, kwa Kiswahili na kwa Kidawida, mpaka pumzi ikamwishia.

Kisha akafanya kazi. Alipiga picha la baba yake, akapiga na la mzee mmoja wa zamani aliyewekwa hapo kabla ya Waingereza. La kale lilitoka jeupe, zima, kama sahani. La Mwasaru lilikuwa vitundu vitupu, pilipili manga iliyomwagwa juu ya karatasi, na mashimo ya meno yamepoteza kingo zake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelisoma. Homoni imekula hapa, miaka mingi, bila kupumzika.

*

Baraza liliketi katika ghala la zamani la reli, feni mbili zikikoroga joto. Wakili wa Shirika aliitwa Mghalu, mtoto wa Mbale ya Taita, amesoma kwa harambee ya watu hawa hawa. Alizitazama picha kwa adabu na kuzirudisha kwa adabu. Alisema anampa pole dada Mghoi kwa msiba wa mzee. Alisema mfupa hudhoofika kwa uzee, kwa njaa, kwa pombe, na picha haisemi ni kwa lipi. Alisema Shirika halina cha kuficha: kila tezi ya tano imetiwa muhuri wake wa kikemikali, na muhuri huo hujipachika kwenye mfupa ambao tezi imeuchimba. Upimwe. Ukionekana, Shirika litakubali. Tatizo dogo tu ni kwamba kipimo kinataka unga wa mfupa, gramu mia mbili na themanini.

Karani akalipima fuvu, ambalo safari hii Mwambingu alikuwa amekubali lishuke mlimani kwa saa chache, akiwa amelibeba mapajani kama mtoto mgonjwa. Lilikuwa na gramu mia mbili na tisini na mbili, pamoja na taya.

Zingebaki gramu kumi na mbili.

"Mtamsaga?" Mwambingu aliuliza. Hakuna aliyemwambia aseme.

Bi Nyambu alieleza sheria, akitazama karatasi zake. Muhuri ukipatikana, Baraza litaamuru siku hiyo hiyo tezi ya Mwadime ikatwe, na hakuna atakayekamatwa. Usipopatikana, au fuvu lisipotolewa, shauri limekwisha. Ridhaa ni ya mtoto wa kiume wa marehemu.

Wote wakamgeukia Mwadime. Alikuwa ameketi kwenye benchi na chupa yake, midomo imekauka, uso umevimba. Asubuhi hiyo, kwenye gari, alikuwa amemwita Mghoi mama. Sasa alisimama, akashikilia ukuta, akazungumza vizuri kuliko alivyozungumza mwezi mzima.

"Baba walimnyamazisha akiwa hai. Sitawapa wamsage akiwa amekufa. Mimi nikifa nitakuwa na pa kwenda, nitawekwa karibu naye. Mkimfanya unga nitawekwa karibu na nani? Hapana. Andika hapana."

Karani akaandika. Mghalu alifunga faili bila haraka, kama mtu aliyekuwa akijua.

Mghoi aliomba dakika kumi. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, alimwambia Mwadime namba zake. Figo lililobaki linafanya kazi robo. Kalsiamu ikiendelea hivi, robo hiyo ina wiki sita, pengine nne, kisha ni mashine ya kusafisha damu, na mashine ya Shirika iko nyuma ya sahihi ile ile. Mwadime alisikiliza. Alisema anajua. Alisema dada asimbembeleze, amechoka, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu arudi amesema jambo analolimaanisha na limeandikwa.

Ndipo Mghoi alipoifikiria ile fomu.

Ilikuwa kwenye mkoba wake. Kila mtaalamu wa kliniki hutembea nazo, bunda zima, rangi ya maziwa. Damu ya Mwadime ya juzi ilikuwa imevuka kiwango. Kwa macho ya fomu, hapana yake ilikuwa upepo. Mtaalamu mmoja, ndugu mmoja wa damu. Yeye alikuwa wote wawili. Alijiuliza kama mdogo wake alikuwa na ukungu pale aliposimama, na akajijibu kwa ukweli kwamba hakuwa nao. Kwa dakika tatu zile alikuwa mzima kuliko mtu yeyote ghalani. Kumsainia ilikuwa ni kusema uongo, uongo ule ule, kwa kalamu ile ile, na baada yake Mwadime hangeweza kutoa ushahidi, wala kupinga mkataba, wala kuaminiwa na karani wa chifu kuhusu tarehe yake ya kuzaliwa. Kutomsainia ilikuwa ni kumzika mwezi ujao akiwa na neno lake.

Mwambingu alimwona akiitoa. "Mwanangu," alisema. "Mama yako hakujua alichobonyeza. Wewe unajua."

"Ndiyo, baba mdogo. Najua."

Aliweka sahihi mara mbili, juu ya goti. Kisha akaingia ndani akaipeleka mezani, na ridhaa ya mtoto wa kiume ikahamia kwa mtoto wa kike, kama sheria inavyotaka, naye akaitoa. Mghalu aliisoma fomu ya mwajiri wake mwenyewe juu mpaka chini akitafuta kosa. Hakulipata, Shirika huandika fomu zake vizuri.

Mwadime hakupiga kelele. Alimtazama dadake jinsi unavyomtazama mtu uliyemfananisha na mwingine.

Walimsaga Mwasaru saa nane mchana, kwenye chumba cha nyuma, kwa kinu kidogo cha chuma ambacho Shirika lilikuja nacho, maana yake walijua tangu asubuhi kwamba kingehitajika au kingetisha. Mwambingu alikataa kutoka. Alisimama na kofia mkononi mpaka kinu kiliponyamaza. Muhuri ulionekana saa kumi na robo, mwingi kiasi kwamba mpimaji alirudia akidhani chombo kimeharibika.

*

Tezi ilikatwa Ijumaa katika hospitali ya Voi, dakika kumi na nane. Ilikuwa imekua kadiri ya kunde, nyekundu, yenye afya kabisa. Katika siku tatu kalsiamu ilishuka hata wakalazimika kumtundikia drip ya kuipandisha, kwa kuwa mifupa yenye njaa ilikuwa inaivuta yote irudi. Robo ya figo ilibaki robo. Haitapona, ila haitapungua. Daktari alisema mtu huishi na robo akijitunza, na Mghoi akamshukuru.

Kiu ilimwacha Mwadime. Aliongea na wauguzi, aliwatania kuhusu uji wao. Mghoi alipoingia, Mwadime aligeukia ukutani. Mghoi alikuja Jumapili, Jumatatu, Jumanne, akakaa kwenye kiti, akaondoka. Jumatano muuguzi alimfuata kwenye ukumbi, akaona aibu kabla ya kusema, kwamba kaka anaomba asije tena, lakini pia hawajui kama ombi hilo walifuate, kwa sababu kwenye faili imeandikwa maneno yake yasitegemewe.

"Lifuateni," Mghoi alisema.

Hukumu ya jumla ilitoka wiki hiyo, ukurasa mmoja. Baraza limethibitisha kwamba tezi ya tano huweza kuharibu figo. Kila mlalamikaji anayo haki ya kukatwa. Kwa kuwa Shirika halijakubali kosa la jumla, kila shauri litathibitishwa peke yake, kwa mfupa wa ndugu wa damu aliyefariki akiwa na tezi, gramu mia mbili na themanini.

Asubuhi iliyofuata Mghoi alipofika karakana ya Mwambingu, foleni ilikuwa imeshaupita ukuta wa kisima. Wengine walikuwa na chupa za maji, wengine wanashikilia viuno. Mwambingu alikuwa mlangoni, ameshashusha mafuvu sita, ameyawekea vitambaa, na ndoo ya maji kando yake imekuwa nyekundu kwa udongo. Alimwita kila mtu kwa jina la ukoo na kumkabidhi wa kwake. Hakumtazama Mghoi, ila alimsogezea ndoo ya pili, naye akakunja mikono ya shati, akaanza kuosha.

Baada ya kumi hapakuwa na mafuvu ya watu wa Juu tena. Foleni ilikuwa bado ndefu. Mbele yake sasa alisimama Shako, fundi wa kuunga vyuma, kijana mwenye mke mjamzito, mkono wa kushoto umevimba karibu na kiwiko. Alikuwa na heshima, alivua kofia.

"Dada Mghoi," alisema. "Kwetu aliyekwenda Juu ni mimi na kaka yangu tu, na sote tuko hai. Na sisi ambao hatujafiwa?"

Mghoi alijifuta mikono, akaikunjua hukumu, akaisoma tena mpaka mwisho, pale kwenye herufi ndogo. Jibu lilikuwepo. Lilisema wangoje.